Katiba imemfunga mdomo askari, haijamfunga bibi yake

Haya ni maneno niliyoongea kwa mkutano wa familia za wanajeshi pale ukumbi wa kanisa, Kahawa West, Nairobi. Nimeyaandika venye niliyasema, nikaongeza kidogo mahali maiki ilikuwa inakatakata.

Mchungaji asante kwa ukumbi. Wazee wetu mliostaafu nawaona pale nyuma, shikamooni. Akina mama hamjambo, na akina baba pia, juu wapo wanaume hapa ambao mabibi zao ndio wanavaa sare na leo wamekuja wakakaa na sisi bila kuona haya, nawashukuru sana. Na nyinyi wasichana mmeolewa juzi, karibuni, ni nyinyi hasa nimewajia.

Niko na jambo moja na nitalisema sasa hivi, ndio hata mtu akiondoka mapema kukimbilia matatu awe ameenda nalo. Jeshi linalipa mtu mmoja lakini kazi inafanywa na nyumba nzima, na yule mmoja anayelipwa sheria imemkataza kulalamika. Sasa tusipoongea sisi hakuna mwingine wa kuongea.

Watu wengi wanafikiri mzee akinyamaza ni uoga ama ni kiburi cha kambi. Hapana. Chukua Katiba ya 2010, fungua ibara ya 24, kifungu kidogo cha 5. Pale imeandikwa kwamba Bunge linaweza kutunga sheria ya kupunguzia wanajeshi na polisi haki fulani, na zimetajwa moja moja: faragha, kujiunga na vyama, kukusanyika na kuandamana na kuwasilisha malalamiko, haki za mfanyakazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za mtu akikamatwa. Hiyo ya kiuchumi na kijamii ni ibara ya 43, na ndani yake ndio kuna matibabu, nyumba, chakula, maji safi na elimu. Halafu chukua Sheria ya Ajira ya 2007, ile inampa msichana wa supamaketi livu ya uzazi ya miezi 3, ile inasema makato ya mshahara yasipite theluthi mbili, soma kifungu cha 3, imeandika wazi kwamba haihusu majeshi. Jeshi liko na kanuni zake za ndani, sikatai, na zingine ni nzuri kuliko za huko nje. Lakini mwalimu ako na chama cha kumtetea, KNUT ama KUPPET, daktari ako na chake, KMPDU, na mnakumbuka madaktari waligoma siku 100 mpaka Machi 2017 na wakasikizwa. Koplo ako na nani? Ako na mkubwa wake, na mkubwa wake ako na mkubwa wake, na malalamiko yanapanda hiyo ngazi polepole na wewe uko nyumba na mwenye ploti ako mlangoni.

Na kwa nini imekuwa hivyo naelewa, na wazee pale nyuma wanaelewa kunishinda. Januari 1964, uhuru haujamaliza hata miezi miwili, askari wa Kenya Rifles pale Lanet, Nakuru, waliasi. Wiki hiyo hiyo Tanganyika waliasi, Uganda waliasi, na kilio kilikuwa kimoja, mshahara mdogo na maafisa Waingereza kubaki juu yao wakati nchi imeshakuwa yetu, na ikabidi wanajeshi wa Uingereza ndio waitwe kuzima hiyo kitu. Halafu 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali, hiyo sihitaji kuieleza mtu wa Nairobi, hasa mtu wa Eastleigh. Serikali ambayo imepitia hayo mawili haiwezi kuruhusu mtu mwenye bunduki aitishe nyongeza barabarani, na mimi kama raia nakubali, sitaki kuishi kwa nchi kama hiyo. Lakini ukishachukua haki ya mtu ya kugoma inakupasa wewe mwenyewe uende umuulize anaishije, usingoje aseme, juu umeshamwambia asiseme. Hapo ndipo naona nchi imetukosea.

Sasa pesa. Kijana anamaliza mafunzo pale Eldoret, kwa ile gwaride ya kuhitimu mamake analia kwa furaha, na kabla buti halijazoea mguu watu wa mikopo wameshamfikia juu peislipu ya serikali ni kitu kila mkopeshaji anapenda, pesa inakatwa kwa chekofu kabla hajaiona. Anajengea mama nyumba ya mabati. Analipia ndugu zake fees. Sio mambo mabaya haya, ni mtoto mzuri huyo. Lakini anaoa akiwa ameshakatwa, na bibi anaingia kwa ndoa ambayo nusu ya mshahara ilishapangiwa kazi kitambo na hajui, wengine wanamaliza miaka na miaka hawajawahi kuona hiyo peislipu na macho yao. Nyinyi mmeolewa juzi, ombeni kuiona. Ombeni kwa upole, mzee akiwa ameshakula na ametulia, lakini ombeni, na muandike kwa kitabu: mkopo huu unaisha mwezi gani, Sacco ni ngapi, bima ni ya nani na jina lililoandikwa pale ni la nani.

Kota za ndani hazitoshi kila mtu, hilo mnalijua. Wengi tuko huku nje. Watu wa Kahawa barracks wamejaa hapa Kahawa West, Zimmerman na Githurai, watu wa Embakasi wako Utawala, watu wa Moi Air Base wako Eastleigh na Umoja, na renti ya Nairobi haiulizi cheo. Halafu inakuja transfa. Leo ni Gilgil, kesho ni Nanyuki, kesho kutwa ni Mtongwe ama Wajir ama Lamu. Na transfa ni ya askari, bibi hajaandikiwa barua. Kuna mama hapa, amenikubalia niseme bila jina, alikuwa na saluni mtaa mmoja huku, viti vyake na draya zake na wateja waliokuwa wanampigia simu wikendi, mzee akahamishwa Nanyuki akauza viti akaenda. Huko akaanza upya, ameshajulikana, wakahamishwa tena. Mara ya tatu akasema hapana, watoto wako shule, mimi nabaki. Sasa wako na nyumba mbili, mzee anakula kivyake huko na hawa wanakula huku, na ndoa yao inaishi kwa simu na kwa livu. Nauliza, ile saluni iliyouzwa kwa hasara nani alilipa? Ilikuwa ni gharama ya kulinda nchi kama vile dizeli ya lori ni gharama, tofauti ni kwamba ya dizeli iko kwa bajeti.

Na watoto hivyo hivyo. Mtoto wa kambi anajua kufunga begi kuliko kufunga rafiki. Ametoka shule ya Gilgil Grade 5 ameingia ya Nairobi, kule walikuwa mbele kwa hesabu huku wako mbele kwa Kiswahili, mwalimu anamwona ni mzito. Akipigana playground anaambiwa ni juu babake ni jeshi. Mimi nimefuatilia hiyo maneno kwa walimu zaidi ya mara moja na nitaendelea kufuatilia, mtoto hajaajiriwa na jeshi.

Misheni sasa. Huku ndiko majirani wanatuona tumetajirika. Vijana wetu walivuka kuingia Somalia Oktoba 2011, operesheni ya Linda Nchi, 2012 wakaingia chini ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, Aprili 2022 ikawa ATMIS, Januari 2025 ikawa AUSSOM. Majina yanabadilika, begi linalowekwa mlangoni ni lile lile. Kuna wengine walienda Kongo kuanzia Novemba 2022 mpaka Desemba 2023 na kile kikosi cha Afrika Mashariki. Ile posho ya Somalia kwa miaka mingi ilikuwa inatoka Umoja wa Ulaya, inapitia Umoja wa Afrika, halafu serikali, halafu ndio ifike kwa akaunti, na kila mlango inapopitia inaweza kukaa. Mwaka wa 2016 Ulaya ikapunguza mchango wake kwa asilimia 20. Mwaka wa 2016 jameni, mwaka ulioanza na kuvamiwa kwa kambi yetu ya El Adde kule Somalia. Na hii AUSSOM imeanza na matatizo ya pesa siku ya kwanza. Kwa hivyo msipange maisha kwa pesa ya misheni kama ni mshahara. Ikija, imekuja.

Na ikija kuna watu wanaingoja kutushinda sisi. Watu wa kuuza ploti. Wanajua kabisa nani amerudi Somalia na lini, wanakuja na brosha ya Joska, ya Kamulu, ya Juja Farm, na gari la kuwapeleka na soda. Mimi na mzee tulilipa kampuni moja, sitaitaja, tukaonyeshwa vigingi na kila kitu, mpaka leo tunangoja taitoli na vile vigingi nasikia vilishaonyeshwa watu wengine. Mwaka mzima wa mtu kukaa kwa mchanga na kofia ya chuma ulienda hivyo. Nendeni Ardhi House mtafute jina la mwenye shamba kabla ya kutoa shilingi, ama muingie kwa Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa mambo ya ardhi, na kama mzee hayuko mwende wawili watatu kutoka chama, msiende peke yenu.

Nataka tukae kidogo kwa El Adde.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, 15 Januari 2016. Kambi ilivamiwa alfajiri. Wengi waliokuwa pale walikuwa vijana wa 9 Kenya Rifles wa Moi Barracks, Eldoret, lakini familia zao ziko kila mahali, na nyingine zilikuwa huku Nairobi. Na bibi za hawa watu walijuaje? Kwa simu. WhatsApp ilianza kuleta picha kabla ofisi yoyote haijaleta neno, mtu anazungusha picha ya maiti akitafuta kiatu anachokijua, anatafuta saa ya mkono. Wengine walienda wakasimama kwa geti la kambi. Miili ikaanza kuletwa Nairobi, ikabidi DNA, na DNA inachukua muda, watu wanatolewa damu halafu wanaambiwa warudi nyumbani wangoje. Tarehe 27 Januari kukawa na ibada kubwa Eldoret, Rais Uhuru akaja, Rais wa Nigeria Buhari akaja, Rais wa Somalia Hassan Sheikh akaja. Mwaka mmoja kamili baadaye, 27 Januari 2017, ikawa Kulbiyow, kambi yetu nyingine huko Somalia. Na mpaka wa leo serikali haijatangaza idadi ya waliokufa El Adde. Nimesema hivi mara nyingi na nitasema tena, idadi sio siri ya vita. Adui anajua aliua wangapi. Asiyejua ni yule mama wa kijijini anayetaka kusikia mtoto wake amehesabiwa.

Kuna wale ambao hawakupatikana kabisa. Hapo sheria iko na miaka 7, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 118A, mtu asiposikika miaka 7 na wale wangepaswa kumsikia basi inachukuliwa amekufa. Fikiria hiyo miaka 7. Wewe si mjane, wewe si mke. Huwezi kuolewa na moyo mweupe, huwezi kuzika, mali yake huwezi kuigawa, watoto wanauliza na hauna jibu ambalo si uongo. Ukienda ofisi, na mimi nilimsindikiza mama mmoja kwa ofisi moja ambayo sitaitaja, mtu wa pale aliangalia kitambulisho chake akamwambia wewe si mwanajeshi, hatuna habari ya kukupa. Hata kiti hakumpa. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Na hapa kuna kitu cha karatasi ambacho tunaweza kurekebisha sisi wenyewe. Wengi wenu mnaishi tu pamoja na mzee, hakuna cheti. Wazee walikunywa uji, ng'ombe walitajwa, ikaishia hapo. Mzee alipoingia jeshi akiwa barobaro aliandika jina la mamake kama mtu wa kuitwa na hajawahi kubadilisha. Siku mbaya ikija simu inapigwa kijijini, haipigwi kwako. Simlaumu mama mkwe, ni mtoto wake. Lakini nimeona mazishi ambayo bibi amefungiwa nje ya hema na watoto wake wanne. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe, na kule Sheria House ama Huduma Center watakuelekeza. Mzee akija livu ijayo hiyo ndio kazi ya kwanza, kabla ya kwenda kuona shamba, kabla ya kwenda kuona marafiki.

Hii shida ya watu kutoandikwa ni ya zamani kuliko sisi wote. Mmepita Kenyatta Avenue mkaona yale masanamu matatu, ni ya ukumbusho wa Waafrika wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wapiganaji na wale waliobeba mizigo. Wabebaji walikufa kwa maelfu mengi, wengi kwa magonjwa na njaa kushinda kwa risasi, na mishahara yao ambayo haikuchukuliwa ilibaki huko, juu familia hazikupatikana ama hazikutafutwa. Watu walibishana juu ya hizo pesa miaka mingi na London ikakataa kuziachilia. Sanamu walijenga. Kwa hivyo mtu akiniambia tutajengewa mnara namuuliza kwanza, majina ya mabibi na watoto mmeandika wapi?

Nisikize na mambo ya kurudi. Mzee wangu aliporudi mara ya kwanza nilifurahi nikapika, watu wakajaa kwa nyumba. Usiku alitoka kitandani akalala sakafuni karibu na mlango, na akawa analala hapo. Bodaboda ikipiga ile eksosi yake chini ya dirisha anashika mtoto anamlaza chini. Hakunipiga, namshukuru Mungu, lakini kuna wanaopigwa na mko hapa ndani na tunajuana. Alikuwa tu hayuko. Ako kwa kiti na hayuko. Nilimwambia aende aonane na mtu, akasema nikienda nitaandikwa, nikiandikwa sitapandishwa cheo, na kusiwe na misheni tena. Sasa mtu anaficha ugonjwa ndio asipoteze karo. Washauri wako, na makasisi wa jeshi wako, na hospitali ya jeshi iko hapa Mbagathi, lakini mtu ataenda namna gani kama anaamini kwenda kwenyewe ni mwisho wa kazi? Na kuna jambo zito zaidi, wale waliotaka kujitoa uhai. Sheria yetu miaka yote ilihesabu kujaribu kujiua kama kosa la jinai, mpaka Januari 2025 ndio Mahakama Kuu ikasema kile kifungu cha 226 kinaenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo bibi akiona dalili alikuwa anaogopa hata kusema, asije akamfunga mzee wake. Sasa usiogope. Sema. Njoo kwa yeyote kati yetu hata saa nane ya usiku, tutaenda na wewe.

Na Juni 2024 sitairuka ingawa mchungaji aliniambia nipunguze siasa. Jumanne ile tarehe 25 vijana wa maandamano waliingia Bunge, na jioni hiyo ikatangazwa jeshi litoke kusaidia polisi. Huku Githurai sote tulikuwa kwa nyumba na taa zimezimwa tukisikia milio. Kuna mama hapa kijana wake alikuwa town mchana na bendera na chupa ya maji, na mzee wake ako ndani ya lori la kijani, na hakuna aliyemwambia yeyote kati ya hao wawili aliko mwenzake, simu zote mbili anapiga yeye. Kijana alirudi. Lakini kwa hiyo nyumba hawakuongea, yule kijana na babake, muda mrefu sana. Mtaani jirani aliyekuwa akimwazima jiko akaacha kumsalimia. Mimi sisemi nani alikuwa na haki. Nasema amri ilitolewa Ulinzi House, kule makao makuu ya jeshi, na bei yake ikalipiwa kwa meza ya chai Githurai, na hakuna mtu alipita kuuliza hawa watu wako aje.

Akina dada mlio kwa sare, na mabwana zenu, sijawasahau. Jeshi limesonga, 1999 kile kikosi cha wanawake kilivunjwa wakachanganywa na wenzao, na 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed akafika kuongoza jeshi la anga. Ni heshima kubwa. Lakini mama wa mtoto wa miezi mingapi akipelekwa misheni, yule baba anayebaki na chupa ya maziwa hakuna anayemwita kwa mkutano, hata huu wetu karatasi ya mwaliko ilisema mabibi. Tubadilishe.

Sasa tunafanya nini. Polisi walipewa jopo, lile la Jaji Mkuu mstaafu Maraga, lilizunguka nchi, likaingia hata kwa nyumba wanazolala, likatoa ripoti 2023 na likapendekeza nyongeza ya asilimia 40, ikaanza kulipwa kidogo kidogo kutoka Julai 2024, ya miaka 3, wao na magereza. Walistahili kabisa, nimeona kota za polisi. Sisi hatujawahi kuitwa kwa ukumbi wowote tuulizwe. Tume ya mishahara, SRC, iko na mtu aliyependekezwa na Baraza la Ulinzi, hiyo iko kwa ibara ya 230, kwa hivyo wanajeshi kule juu wana sauti. Ila sauti ya jenerali na shida ya praiveti wa Zimmerman mwenye watoto watatu ni vitu viwili.

Na hapa ndio nilikuwa natafuta tangu mwanzo. Ile ibara ya 24 inamhusu mwanajeshi. Wewe si mwanajeshi, yule mtu wa ofisi alimwambia mama wa watu hivyo na alikuwa anasema ukweli bila kujua ni ukweli mkubwa kiasi gani. Ibara ya 119 inasema kila mtu ako na haki ya kupeleka ombi Bunge kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Kila mtu. Mama mboga, mjane, bibi ya koplo. Bunge la Kitaifa liko na kamati ya ulinzi na mambo ya nje, ombi likiingia Bunge linapelekwa kwa kamati inayohusika, na kamati inapaswa kutujibu kwa maandishi.

Wakili mmoja mtoto wa kambi ametuandikia bila kulipwa, Mungu ambariki. Ombi linasema tunataka posho ya familia kutengana, ile ya nyumba mbili, iandikwe kwa jina lake isifichwe ndani ya kitu kingine. Tunataka muda maalum wa kuambiwa askari akiumia ama akifa, na afisa mmoja anayejulikana kwa jina ambaye familia inampigia, isiwe tunangoja picha. Wale waliopotea, familia zao zisaidiwe wakati zinangoja, siyo baada ya ile miaka 7. Ushauri wa akili uwe wa nyumba nzima na usiguse cheo cha mtu. Fomu ya mtu wa kuitwa irudiwe kila mwaka, lazima, kila askari. Na idadi ya El Adde itangazwe. Hili la mwisho wengine waliniambia nitoe, litatuharibia. Nimekataa kutoa. Kama kuna mtu hapa hawezi kuweka sahihi juu ya hilo namwelewa na hatutamwangalia vibaya.

Kuna uoga kwa hii chumba, nausikia. Mtu anawaza mzee ataitwa aulizwe bibi yako alikuwa wapi Jumamosi. Ndio maana hakuna picha zimepigwa leo na ndio maana tumeandika kila kitu kwa heshima, hakuna tusi hata moja mle ndani, hakuna siri ya kazi, hakuna kambi wala operesheni imetajwa zaidi ya zile zilikuwa kwa magazeti. Ongeeni na wazee wenu leo usiku, waambieni tumefanya nini. Mzee wangu nilimsomea yote, akakaa kimya, akaniambia neno "posho" umeliandika vibaya kwa ukurasa wa pili, rekebisha. Nimerekebisha.

Karatasi ziko kwa meza ya kando ya mlango, kuna kalamu za kutosha, na kuna msichana wa Form Four pale atakusomea yote kwa Kiswahili kabla uweke kitu. Soma kwanza. Asiyekuja na kitambulisho arudi Jumatano, tutakuwa hapa kuanzia saa kumi. Na tafadhali mtu asiandike jina la mzee, asiandike namba yake ya jeshi wala kikosi chake. Andika jina lako.